Siku nane na mota ya kijiji

Jumatatu, Gerezani, Dar es Salaam

Nimeikuta mota yetu imelala ubavu juu ya tairi kuukuu nje ya kibanda cha Fundi, imepakwa rangi ya kijani ambayo hakuna aliyeiagiza. Nikamuuliza rangi ya nini. "Hiyo zawadi," akasema. "Mota yenye rangi mteja habishani bei." Nikamhesabia laki nne zilizobaki kwenye ile laki tisa na nusu ya kuitengeneza, naye akanivuta nione kazi kabla hajafunga kifuniko cha nyuma. Koili zimelala kwenye mitaro yake, zimefungwa kwa uzi na kunyweshwa vanishi, zinang'aa kama kichwa cha bibi harusi aliyetoka saluni. Si bure mafundi wanaiita kazi hii, ya kufunga waya mpya ndani ya mota, kusuka.

Niseme ni mota gani. Ni ya kawaida kabisa, ya hospawa 30, ndugu wa zile zinazozungusha mashine za kusaga kule Manzese na Mbagala. Manzese umeme unaingia, shafti inazunguka. Kwetu kijijini, Njombe, maji yanazungusha shafti, umeme unatoka. Ukiifungia kapasita, vile vikopo vya kutunza chaji ya umeme, na kuizungusha kasi kidogo kupita ile iliyoandikwa ubavuni, inageuka jenereta. Wanaojenga mitambo midogo ya vijijini huipenda kwa sababu haina brashi za kaboni za kulika, bei yake nafuu, na ikiungua hukosi mtu wa kuisuka. Ina tabia moja mbaya, na hiyo ndiyo iliyoileta Gerezani. Nitaieleza tukifika.

Hii ni mara ya pili kuisuka. Mara ya kwanza niliipeleka mimi kwenye duka jingine mjini, sitalitaja, kwa sababu walikuwa chini kwa laki mbili. Ikafanya kazi miezi saba. Fundi alipoifungua hakusema neno. Alinitia kiganjani vipande viwili vya waya, wa awali na ule waliotufungia wale, akasubiri. Hata asiyejua umeme angeona tofauti. Vipande hivyo vimo mfukoni mwangu leo. Nimevibeba nikaionyeshe kamati ya mtambo kule kijijini.

Mimi ni mhazini wa umoja wetu wa watu wa kijijini tunaoishi Dar. Tuko 41: wauza viazi wa Mabibo, vijana wa mbao wa Buguruni, mwalimu mmoja Mbagala, mama mwenye saluni Kimara. Kuchangia msiba tunachanga siku mbili. Mota imetuchukua wiki tisa, na wiki zote hizo kijiji kiko gizani. Msiba una aibu yake, mota haina.

Jumanne, Kariakoo na Buguruni

Asubuhi Kariakoo kununua hita za maji, zile za kutumbukiza kwenye tangi, wati 2,000 kila moja, kwa 28,000. Nikataka sita. Muuzaji akafurahi: "Hoteli hiyo, bosi? Bafu ngapi?" Nikamwambia hakuna bafu, ni za kupasha maji yanayorudi mtoni. Akanitazama, akahesabu pesa, hakuuliza tena.

Mchana Buguruni Malapa. Fuso iliyoleta mbao inarudi Njombe na mabati na sabuni, na dereva amekubali mota ikae katikati, imefungwa blanketi mbili. Watu wanne wameinyanyua kwa shida. Fundi anakwenda nami kuifunga mwenyewe. Baada ya yale ya mara ya kwanza sikutaka kusikia habari ya maelekezo kwa simu. Mzaliwa wa Kisarawe huyu, Bara hajawahi kuvuka Chalinze. Amebeba koti moja jepesi la michezo. Nimemwambia halitatosha, akacheka.

Tumetoka saa kumi na moja jioni, yaani tumetoka na Dar nzima. Ubungo hadi Kibaha ni habari isiyostahili wino. Tumelala Morogoro, mimi na Fundi kwenye kiti kimoja.

Jumatano, njiani

Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Tumeona twiga, pundamilia, na nyani waliokaa kando ya lami kama mawakala wa mabasi. Fundi amepiga picha zote na kuzituma nyumbani hapohapo.

Mikumi mjini kuna njia panda ya kwenda Kidatu, na hapo dereva akaanzisha mjadala. Kidatu pana megawati 204, anasema, na juu yake Mtera 80, na sasa Bwawa la Nyerere 2,115. Sisi na kimota chetu tunatafuta nini? Nikapiga hesabu kwenye simu. Bwawa la Nyerere lina mashine 9 za megawati 235. Mtambo wetu kiangazi hutoa kilowati 11 na nusu. Mashine moja tu ya kule ni sawa na mota zetu elfu 20 na ushei. Dereva akapiga honi kwa furaha, hakuwa akimpigia mtu.

Lakini nilikuwa na langu. Kijiji chetu kiko Njombe, upande wa Lupembe. Kijito chetu kikishatoka kwenye mtambo kinaingia Ruhudji, Ruhudji inaingia Kilombero, Kilombero ikikutana na Luwegu ndipo panapoitwa Rufiji, na Rufiji ndiyo inayojaza Bwawa la Nyerere. Maji yaleyale yanayowasha taa ya mama yangu mzazi yanateremka safari ndefu hadi bwawani, kisha yanapanda kwenye nyaya na kuwasha feni yangu Tabata. Sisi tunayaazima kwa mita 32 za mteremko, halafu tunayaachia yaende. Dereva akakaa kimya mpaka Ruaha Mbuyuni.

Hapo Mbuyuni tumenunua vitunguu na kutazama Ruaha ikipita chini ya daraja. Maji hayo yameshazunguka Mtera na Kidatu bado inayangoja. Kisha Kitonga. Fuso ilipanda kwa gia ambayo mtu angetembea kwa miguu akaiacha, upande mmoja mwamba, upande mwingine vilele vya miti iliyoota bondeni. Fundi alikuwa anageuka kila kona kutazama mzigo. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuiita "mota yenu" akaanza kusema "mota".

Mafinga jioni, koti la michezo limeshindwa. Nimemvalisha blanketi moja la mota. Hapo Mufindi, kwa faida ya msomaji, ndipo ulipo mtambo wa Mwenga, megawati 4, uliowashwa 2012: unahudumia kiwanda cha chai na vijiji vya jirani, umeme unaobaki unauzwa kwenye gridi. Nao huitwa mtambo mdogo. Ukisikia watu wanasema umeme mdogo wa maji, uliza kwanza mdogo kiasi gani.

Tumelala Makambako.

Alhamisi, Njombe hadi kijijini

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi hii kila mita ilikuwa inapuliza. Fundi amenunua sweta la mtumba, soksi mbili na kofia ya sufu kabla ya chai. Mama muuza maandazi akamsalimu kwa Kibena, "Kamwene!" Akajibu "Marahaba." Wamecheka wote, hata yeye, baada ya kueleweshwa.

Fuso inaishia mjini. Kuanzia hapo ni pikapu ya kukodi, vumbi jekundu, misitu ya mipaina, chai ikianza kuonekana kwenye miteremko. Tumefika saa tisa. Watoto walikimbia mbele ya gari wakiimba "umeme, umeme", nikaona haya kidogo, maana mota ilikuwa bado blanketini na mimi ndiye niliyechagua lile duka la kwanza.

Nyumba ya mtambo iko bondeni, njia ya mguu tu. Vijana wanane, milingoti miwili na kamba. Watu sita wanashusha, wawili wanavuta nyuma isije ikatangulia yenyewe. Mwendo wa dakika kumi na tano umetumia saa nzima na nusu. Kijana mmoja aliteleza, mota ikakaa juu ya kichuguu cha majani, wote tukasimama tukiitazama kama mgonjwa. Fundi akapiga magoti, akazungusha shafti kwa mkono, akasikiliza beringi. "Nzima. Endeleeni."

Nimemsalimu mama. Nyumba inanuka mafuta ya taa, harufu niliyokuwa nimeisahau. Miaka minane, mota ikiwa nzima, kibatari kilikuwa hakiwashwi ndani humu.

Ijumaa, banio na nyumba ya mtambo

Kabla ya kufunga chochote, mlinzi wa mtambo alisisitiza tupande juu tuone maji. Amefanya vizuri.

Mtambo wenyewe ni hivi. Juu kuna banio, ukuta mfupi wa mawe unaogeuza sehemu ya kijito kuingia kwenye mfereji. Mfereji unatambaa kando ya mlima karibu bila kushuka, mpaka kwenye tangi la zege lenye nondo za kuchuja majani. Hapo mchanga unazama, na maji yanaingia kwenye bomba linaloteremka moja kwa moja hadi kwenye turbini, gurudumu linalozungushwa na maji. Kujua umeme utakaopata, zidisha lita za maji kwa sekunde kwa mita za mteremko, kisha kwa 6 ikiwa mashine yako ni ya kawaida kama yetu. Hizo ni wati. Masika tunapata lita 120. Jana mlinzi amepima, ni 60. Mara 32, mara 6: wati 11,520.

Miaka minane iliyopita mwezi kama huu zilikuwa zaidi. Juu ya banio nimeelewa kwa nini. Vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, vimeshuka hadi ukingoni, viazi na maharage, mitaro midogo imechepusha maji kulia na kushoto, na nyuma yake mikaratusi imepandwa palepale kwenye chemchemi. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nilihesabu hatua, nikafika saba. Kinyungu cha kwanza ni cha baba mdogo. Alikuwa hapo hapo, amesimama na jembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunipimia shamba?"

Nikasema nimekuja kuona maji. Akasema maji anayaona yeye kila siku, na kwamba kiangazi kinyungu ndicho kinacholisha watoto, taa haijawahi kumshibisha mtu. Sikuwa na la kujibu, maana ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kinyungu hicho hicho. Tukazungumza habari za mgongo wake.

Kufunga mota kumechukua mchana kutwa: mkanda, kapasita mpya, hita sita kwenye pipa. Saa kumi na mbili jioni mlinzi akafungua valvu. Turbini ikanguruma, mkanda ukashika, mota ikazunguka vizuri bila mtetemo. Mita ya volti: sifuri. Tukaongeza maji. Sifuri. Nje palikuwa na watu kama hamsini. Mtu akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Wametuletea rangi."

Fundi hakutokwa jasho, kwa baridi ile asingeweza. Akaniambia polepole. Mota ya namna hii haina sumaku ya kudumu. Inaanza kuzaa umeme kwa kutumia usumaku mdogo uliobaki kwenye chuma chake tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho. Huo unaamsha kapasita, kapasita zinaongeza usumaku, na hivyo hivyo mpaka volti zinapanda. Yetu ilipitishwa kwenye moto ili kutoa nyaya za zamani, halafu ikatikiswa kutoka Buguruni hadi bondeni. Imesahau. "Inataka kukumbushwa," akasema. "Nani ana betri?"

Kijana wa bodaboda akafungua yake, volti 12. Fundi akasimamisha turbini, akagusisha nyaya mbili za betri kwenye mota kwa sekunde kadhaa, cheche ndogo, basi. Valvu tena. Mshale ukatetemeka, ukalala, kisha ukapanda wenyewe: 100, 180, 230. Kule juu mlimani, kwenye nyumba ambazo hatukuziona, tukasikia kijiji kikipiga kelele.

Jumamosi, mkutano

Mkutano ulipangwa saa nne, umeanza saa sita. Mwenyekiti, Mama Mhazini wa kamati, wazee, mlinzi amekaa nyuma na daftari lake. Ajenda ilikuwa moja: nani aliiunguza mota.

Sasa ile tabia mbaya. Mota hii haipendi kuachwa bila kazi. Maji yanaingia kwa nguvu ileile usiku na mchana. Kama watu hawatumii umeme, lazima utumike mahali pengine, la sivyo turbini inakimbia, volti zinapanda, na vitu vinapasuka. Ndiyo kazi ya hita na pipa: kifaa cha kudhibiti kinapeleka kwenye hita kila kilowati isiyotumika. Na kwetu zisizotumika ni nyingi mno. Nyumba 84, kila moja taa tatu za wati 7: haifiki hata kilowati mbili. Mashine ya kusaga inakula saba na nusu, lakini mchana. Saa saba za usiku karibu umeme wote unachemsha pipa.

Kamati ilikuwa na jibu tayari: duka la Dar. Walikwishasikia habari za waya mwembamba. Mwenyekiti akanitaka nivionyeshe vile vipande, navyo vikapita mkono kwa mkono, wazee wakitikisa kichwa. Nilisimama nikasema duka hilo nililichagua mimi, kuokoa laki mbili. Kimya. Nilitegemea maneno, hayakuja, na ikawa vibaya zaidi.

Ndipo mlinzi alipoomba nafasi. Akafungua daftari, akasoma bila kunyanyua macho. Desemba, hita mbili zimekufa, nimetoa taarifa. Februari, hita nne zimekufa, nimetoa taarifa. Machi, nimetoa taarifa. Usiku wa kuamkia siku ile mashine ya kusaga imezimwa, taa zimezimwa, kilowati kumi na kitu zinatafuta pa kwenda na hita zilizobaki zinabeba nne. Kapasita zilipasuka kwa mlio, taa zikapasuka nyumba 19, kisha moshi. Hita moja 28,000.

Mama Mhazini akasema pesa ya hita haikuwepo. Ada ni 3,000 kwa nyumba kwa mwezi, wakilipa wote ni 252,000. Mwezi ule walilipa 37. Mlinzi mwenyewe alikuwa anadai miezi miwili. Akataja majina ya wasiolipa, yote, pamoja na la mwenyekiti. Huyu mama ningempa benki.

Hapo kijana mmoja akauliza swali lililokuwa vichwani mwa wote: nguzo za TANESCO ziko kijiji cha pili. Kuunganishwa kwa mradi wa REA, wakala wa umeme vijijini, ni 27,000, na uniti moja ni shilingi 100 kwa mtumiaji mdogo. Tunahangaika na pipa la nini? Mzee mmoja akataja Matembwe, jirani zetu, ambao wana mtambo wao tangu miaka ya 1980, uliojengwa na Waitaliano wa CEFA, na umeme wakautumia kutotolesha vifaranga na kusaga chakula cha mifugo. Mwingine akataja Mawengi kule Ludewa, kilowati 300, chini ya jumuiya ya watumiaji wenyewe, LUMAMA. Nikalazimika kuwaambia ukweli: utaratibu wa kuiuzia TANESCO umeme mdogo unaanzia kilowati 100. Sisi hatuna cha kumuuzia mtu. Gridi ikifika, mtambo wetu utaishi kwa kazi utakayofanya humu humu, au hautaishi.

Bibi mmoja, jirani wa mama, hakusubiri nafasi. "Hilo pipa linachemka usiku kucha?" Ndiyo bibi. "Na zahanati wanachemsha maji ya wazazi kwa kuni?" Ndiyo. Akakaa chini.

Wamekubaliana mita kwa kila nyumba, ila hawajakubaliana nani anunue. Wamekubaliana hita mbili za akiba zikae kabatini kwa Mama Mhazini. Vinyungu vimeahirishwa. Nilimwona baba mdogo akivaa kofia kabla mwenyekiti hajamaliza kutamka neno lenyewe.

Jumapili na Jumatatu, kurudi

Jumapili baada ya misa Fundi amemfundisha mlinzi "kuikumbusha" mota, mara tatu, mpaka mkono wake ukazoea. Wamebadilishana namba. Mama amenifungia viazi debe moja na parachichi. Kibatari amekirudisha juu ya kabati, hakukitupa.

Jumatatu basi kutoka Njombe alfajiri, Mbezi saa nne usiku. Joto la Dar likatupiga usoni mlangoni. Fundi akavua sweta, kofia, soksi, vyote vikaingia kwenye mfuko mmoja, akapanda daladala ya Gerezani kana kwamba alikuwa ametoka Kimara.

Nimeingiza hesabu kwenye daftari usiku huu. Mota 950,000. Hita 168,000. Kapasita, mkanda, Fuso, pikapu, malazi, nauli. Nilikuwa napiga mstari wa chini simu ikaita: Mama Mhazini wa kijijini. Kijana wa bodaboda anasema tangu Ijumaa betri yake haishiki chaji. Anadai nyingine mpya, 45,000, na amesema asipolipwa atasimama kwenye mkutano ujao na kueleza ni nani hasa aliyewasha kijiji.

Nimeweka swali kwenye kundi la WhatsApp la umoja. Wameshasoma 33. Hajajibu hata mmoja.